Stesheni Niliyokusomea

Mwanangu Somoe,

Sikuulizi hali kwa sababu najua ulipo. Saa hizi umeketi kwenye kiti cha kinyozi kule Chikongola, baba yako amesimama nyuma yako, na wewe unamwambia kinyozi mashine yake inakutekenya. Mtarudi kabla ya magharibi. Kesho alfajiri mnapanda basi la Dar es Salaam, na kutoka Dar mnapanda treni hadi Morogoro. Kwa hiyo nina mchana huu tu. Nimekaa nyuma ya jiko, juu ya mbuzi ya kukunia nazi, na daftari liko magotini. Bibi yako anadhani ninajisomea mtihani. Amepita mara mbili akinyata ili asinisumbue, nami nimeona haya, lakini sikumwambia.

Daftari lenyewe unalijua. Ni lile la stesheni. Kile kitabu nilichokuwa nakusomea ni mali ya shule na sina budi kukirudisha, ndiyo maana nimekunakilia chote kwa Kiswahili, pamoja na michoro, ingawa michoro yangu ni mibaya. Barua hii utaikuta kurasa za mwisho. Nakujua, utaanza na picha, halafu utarudi mwanzo, halafu utalala. Huenda usiifikie mwezi huu. Hata ukiifikia, kuna mambo humu hutayaelewa kwa sasa. Yaache yakae.

Maagizo nayaacha kwa bibi yako. Ameshakwambia usipokee soda ya mtu usiyemjua ndani ya basi, ufue nguo za ndani mwenyewe, usimjibu mke wa baba yako kwa mdomo uliobinuka. Ameyasema mara nyingi mpaka kuku wanayajua. Mimi nataka kukwambia makosa yangu, kwa sababu hakuna mwingine atakayekwambia, na kwa sababu moja kati ya hayo ndilo linalokupeleka.

Nina miaka kumi na saba na nina mtoto wa miaka tisa. Nikisema hivyo shuleni, wenzangu wanapiga hesabu wananitumbulia macho. Lakini kwetu hesabu ni nyepesi. Mama yako Salima alikuwa dada yangu, tumbo moja, na mtoto wa dada yangu ni mwanangu. Salima alipofariki wewe ulikuwa na miaka miwili, mimi kumi. Watu walipokuja msibani, shangazi mmoja alinikalisha kwenye mkeka, akakuweka mapajani mwangu, akasema, "Huyu wako sasa." Nilidhani ananiambia nikushike kidogo wakati anakwenda kuchota maji. Nilikaa palepale mpaka miguu ikafa ganzi, nikingoja arudi kukuchukua.

Mpaka leo hajarudi, Somoe.

Sikuwa mama mzuri mwanzoni. Nilikuonea wivu kwa kuwa ulikuwa unalala na bibi yako, mahali pangu. Siku moja nilikufinya mkono kwa makusudi, na ulipolia nikasema umeumwa na siafu. Ukaniamini. Ukanyoosha mkono nikupulizie. Nadhani siku ile ndipo nilipoanza kuwa mama yako kweli, kwa ajili ya aibu.

Kitabu kilikuja shuleni ndani ya boksi la msaada, nilipokuwa kidato cha pili. Hakikuwa na jalada. Kilihusu stesheni moja tu ya treni, ya huko Japani, iitwayo Shinjuku, na hakuna aliyekitaka kwa sababu hakimo kwenye mtihani. Nikakiazima, kisha nikakiazima tena, mpaka mwalimu wa maktaba akaacha kuniandika. Nilikuwa nakusomea tukikausha korosho. Nilisoma Kiingereza kimoyomoyo, nikikutolea Kiswahili mdomoni, na nilipokwama nilibuni. Katika daftari hili sijabuni kitu. Nimeangalia kila neno kwenye kamusi. Kama utaona mahali pametofautiana na ulivyosikia zamani, amini daftari.

Unakumbuka jinsi ilivyoanza? Mwaka 1885, stesheni ndogo pembezoni kabisa mwa mji, mashamba pande zote. Treni zilibeba kuni na mkaa zaidi ya zilivyobeba watu. Abiria walikuwa wa kuhesabika, na kitabu kinasema siku za mvua ilitokea hata mmoja asije. Wewe ulichora reli kwa kidole kwenye mchanga, ukaweka korosho tatu, ukasema, "Hawa ndio wa leo." Halafu ukaondoa moja. "Huyu kaogopa mvua."

Likaja tetemeko kubwa, upande wa mashariki wa mji ukaungua, na watu ambao nyumba zao zilikwisha wakahamia magharibi, upande wa stesheni. Ukaongeza korosho. Reli nyingine zikaja kuungana pale, kila kampuni na yake, kila moja ikijenga majukwaa bila kuuliza jirani anajenga nini. Ukaongeza konzi nzima. Ikaja vita, mabomu ya moto yakaunguza mtaa wote wa kuizunguka. Ukazifagia korosho zote kwa mkono mmoja. Nikakwambia waliijenga upya, ikawa kubwa kuliko mwanzo, ikapitiwa na watu zaidi ya milioni tatu kwa siku, ikawa na milango zaidi ya mia mbili. Hapo ndipo ulipokwenda kumwaga gunia.

"Mnafanya nini na korosho zangu?" bibi yako alifoka toka jikoni.

"Bibi, hawa ni abiria!"

"Abiria wa wapi?"

"Wa Japani."

"Basi waambie washuke. Jumamosi tunazipeleka ghalani, sitaki kusikia nyingine zimebaki Japani."

Ukaniuliza hao watu milioni tatu anawapikia nani. Ukaniuliza mtu akipotea mle ndani anakwenda kulia kwa nani. Nikakusomea habari ya ubao. Zamani, kabla ya simu za mkononi, stesheni za kule ziliwekwa ubao mweusi na chaki. Mliagana kukutana, umengoja, mwenzio hajafika, basi unaandika: nimengoja, nimetangulia, nifuate mahali fulani. Baada ya saa chache mfanyakazi anapita na kufuta, ili wengine nao wapate pa kuandika.

Kesho yake nilipotoka shuleni nikakuta mlango wa jiko una mwandiko wa mkaa: MAMDOGO NIKO KISIMANI. Herufi zilikuwa zimelala ubavu kama zimechoka. Hukuwa umewahi kuandika neno zima kabla ya hapo. Tangu siku ile mlango ule ndio ubao wetu. Mimi natoka kabla hujaamka, nakuandikia, ninaporudi, umeniandikia. Na sheria ukaiweka wewe, kwamba aliyesoma ndiye anayefuta. Bibi yako anasema mlango umekuwa mweusi kama sufuria ya msibani, lakini hajawahi kuuosha.

Basi. Sasa makosa.

La kwanza ni majivuno. Mwaka jana mwishoni nilimwandikia baba yako. Bibi yako hakujua. Yeye hakutaka baba yako ajue habari zako, maana huyo baba aliondoka baada ya arobaini ya Salima akaenda kutafuta kazi, na salamu zake zikawa zinakuja kwa nadra kama mvua ya Agosti. Nilimpa barua kijana anayeuza samaki wa kukaanga stendi, ambaye dada yake ameolewa Morogoro, na ikafika. Niliandika kwamba mwanawe anajua kusoma, wa kwanza darasani, na anapenda treni mpaka anazichezea kwa korosho. Niliandika kurasa mbili za sifa zako, na nilipozisoma tena niliona wazi kwamba nilikuwa najisifu mimi. Mwishoni nikaomba: tumesikia wewe ni mfagiaji kwenye stesheni ya treni mpya ya umeme, kama inawezekana tutumie picha.

Nilitaka picha. Akaja mwenyewe.

Sitaki umchukie. Nimemtazama siku hizi nne kwa jicho baya, nikitafuta kasoro, na nimepata chache tu. Anakoroma. Anaongea na chakula mdomoni. Lakini alipokuona unachota maji, alishika nguzo ya kibanda akageuza uso ukutani, na hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Aliitoa barua yangu mfukoni, imekunjwa mpaka imechanika kwenye mikunjo. Akaniambia, "Shemeji, nimeisoma hii mpaka wenzangu kazini wanakijua kisa chenu cha korosho."

La pili ni kwamba nilikufundisha kutamani. Baba yako alipokuuliza kama ungependa kwenda kuishi naye, hukuuliza habari ya shule wala ya mke wake. Ulisema, "Kuna stesheni kweli?" Akasema anaitazama akiwa mlangoni kwake. Ukarukaruka. Nilikuwa nimesimama pale na ungo wa makopa ya muhogo, na nilicheka pamoja na wewe, kwa sababu sura yako ilikuwa inachekesha. Nilicheka, Somoe. Huenda ulidhani nimefurahi.

La tatu lilitokea juzi, kwenye kikao.

Wewe ulipelekwa kwa jirani ili usisikie. Walikaa sebuleni: bibi yako, mjomba Issa ambaye ni kaka yake na mkubwa wa ukoo wetu, baba yako, na kaka yake aliyekuja naye. Mimi nilikuwa wa chai. Wewe unajua nilivyo. Darasani mwalimu akiniuliza, jibu ninalijua, lakini linaishia hapa kooni. Shuleni wananiita Bubu wa Maktaba. Nilifurahi kwamba kazi yangu ni sinia tu.

Wakazunguka sana. Mjomba akauliza habari za Morogoro, mvua, bei ya mchele. Kaka wa baba yako akasema mtoto ana kwao. Bibi yako akasema kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mama ndiye anayemtoa. Mjomba akaitikia kwa kichwa muda mrefu.

"Ni kweli," akasema. "Hili si langu wala si lako, dada. Kuna mwenyewe." Kisha akainua uso. "Mama wa mtoto, unasemaje?"

Niligeuka kutazama nyuma yangu.

Nyuma yangu palikuwa na mlango. Nilipogeuka tena wote walikuwa wananitazama mimi. Baba yako alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesubiri sindano. Bibi yako alikuwa ameniangalia kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona, macho ya kuomba, yeye mama yangu mzazi, akiniomba mimi. Hakuweza kunisemea. Kwetu mama wa mtoto akiulizwa hasemewi na mtu.

Nilikuwa na maneno. Siku ambazo Salima alikuwa amelala hoi, aliniita akaniambia, "Mtoto wangu asome hapa, kwa mama, mpaka ajue kujitetea." Nilikuwa mdogo, lakini nayakumbuka na harufu ya dawa iliyokuwa chumbani. Sikuwahi kumwambia mtu, kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Sasa niliulizwa. Nilifungua mdomo. Vikombe vikagongana kwenye sinia, nikaogopa chai itamwagika juu ya mkeka mbele ya wageni.

Nikasema, "Karibuni chai."

Nikainama nikaweka sinia.

Unajua kwetu kikao kinafungwaje. Swali la mwisho likishatolewa, mkubwa akipewa kitu cha kunywa na yule aliyeulizwa, ndilo jibu la kukubali. Tangu mdogo nimeona posa zikikubaliwa hivyo, mashamba yakigawanywa hivyo. Nalijua kama ninavyolijua jina langu, na katika dakika ile sikulijua. Mjomba alinitazama. Alingoja, nakuapia alingoja, kikombe kiko mkononi. Mimi nilikuwa natafuta sukari.

Akanywa.

Bibi yako akasema, "Haya," kwa sauti ndogo, akakusanya khanga yake.

Jana nilimfuata mjomba shambani. Nilitembea njia nzima nikisema maneno yangu kwa sauti, mpaka watoto waliokuwa wanachunga mbuzi wakanicheka. Nilipomfikia niliyasema yote, habari ya Salima, habari ya barua, habari ya sukari. Yalitoka vizuri, yamenyooka, kama insha. Mjomba alikaa juu ya mzizi wa mkorosho akavua kofia.

"Kwa nini hukusema juzi?"

"Niliogopa, mjomba."

"Uliniogopa mimi?"

"Hapana. Niliogopa kusema tu."

Aliikung'uta kofia gotini. Akasema, "Mwanangu, chai imeshanywewa. Yule bwana ameshampigia mkewe simu, ameshanunua godoro la mtoto. Nikirudi nyuma leo, hakuna atakayekaa kwenye kikao changu tena." Kisha akasema kitu ambacho kimenikaa: "Ungesema ngojeni kidogo tu. Neno hilo moja. Ningeliweka kikombe chini."

Sikulia mbele yake. Nilisema asante nikarudi nyumbani, nikasonga ugali, mkala. Ulisema una chumvi. Ugali, Somoe, hautiwi chumvi.

Sasa sijui cha kufanya na nimemaliza kufikiri. Nimefikiria kuficha viatu vyako. Nimefikiria kuumwa. Nimefikiria kumwambia baba yako moja kwa moja, na pengine angeniachia, lakini ningekuwa nimemnyang'anya mtu mtoto kwa ajili ya kosa langu. Na wewe mwenyewe unataka kwenda. Hilo ndilo linalonifunga miguu. Nikikuzuia nitakuwa nimezuia furaha niliyoipanda mwenyewe. Nikikuacha nitakuwa nimeacha neno la Salima. Kila upande ninaogeukia nakuta mimi ndiye niliyeufunga.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja, nalo usilichukue kama agizo. Siku moja watu watakuuliza kitu kikubwa, na maneno yatakwama. Usitafute maneno mazuri. Mimi nina maneno mazuri, daftari zima, na hayakunisaidia. Sema "ngojeni" tu. Ukishasema hivyo, vikombe vinarudi chini, na utapata nafasi ya kupumua.

Na ukiwa mkubwa, mtu akikwambia kwamba mama yako mdogo alikutoa kwa chai, ni kweli. Lakini ujue pia kwamba hakukusudia.

Nimekuwa nikiisoma tena habari ya Shinjuku wakati nanakili, na nimeona kitu ambacho hatukukiona na korosho zetu. Hakuna mtu aliyekaa chini akapanga kwamba pale pawe stesheni kubwa kuliko zote. Nyumba za watu ziliungua mahali pengine, wakaja. Kila aliyekuja alikuwa amepoteza kitu. Hata leo wanabomoa na kujenga, treni zikiwa zinapita. Wamefungua njia ya chini ili mtu avuke kutoka mashariki hadi magharibi bila kukata tiketi. Zaidi ya miaka mia moja ndipo wakapata njia hiyo. Sisi tulikuwa na reli pia, unakumbuka nilivyokwambia, ya enzi ya mashamba ya karanga, kutoka Mtwara kwenda Nachingwea, na baadaye ikang'olewa. Uliniuliza kama waliikunja kama mkeka. Ukweli ni kwamba sijui waliipeleka wapi. Sijui kwa nini mahali pengine panakua na pengine panang'olewa, na sijui nyumba hii kuanzia kesho itakuwa ipi kati ya hizo. Kitabu hakisemi.

Nasikia kengele ya baiskeli ya muuza mikate, maana yake saa kumi na moja imekaribia. Bibi yako ameanza kukaanga mihogo ya njiani. Sina muda wa kuandika mwisho mzuri.

Adhuhuri nilikwenda kisimani kwa makusudi, nisikuone ukivaa gauni jipya. Niliporudi mlikuwa mmeondoka, na mlango wa jiko ulikuwa umeandikwa. Nimeusoma mara nyingi nikiwa nimekaa hapa, maana uko mbele yangu. MAMDOGO NIMEKWENDA KUNYOLEWA. NGOJA. Herufi zimesimama wima, hata moja haikulala.

Neno hilo hukufundishwa na mimi. Umelipata mwenyewe, na umelisema kwa wepesi, kwa kipande cha mkaa, siku mbili baada ya mimi kulikosa mbele ya watu wanne.

Sheria ni yako na ninaijua: aliyesoma ndiye anayefuta. Kitambaa kiko hapa, nimekilowanisha tangu mchana. Kimekauka mkononi. Nasikia sauti yako barabarani, unamhesabia baba yako milango ya Shinjuku. Umefika mia na kumi.

Sitaufuta, mwanangu. Nangoja.

Mama yako mdogo